Diski Izungukayo na Diski Isiyozunguka

Siku hizi wazazi wengi huwanunulia watoto wao kompyuta, na swali moja huulizwa mara kwa mara: Je, yafaa kuongeza fedha ili kupata kompyuta yenye SSD, au ile yenye diski ngumu yatosha? Mwenye fedha nyingi hana haja ya kujisumbua kwa swali hili. Lakini kwa mzazi anunuaye kompyuta moja tu kwa fedha za mavuno, naye ataka idumu mpaka mtoto amalize masomo, si swali dogo. Nataka kulijibu kwa ufupi.

Kwanza tujue kazi ya diski. Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo. Pa kwanza ni RAM, ambayo husahau kila kitu umeme uzimwapo. Pa pili ni diski, ambayo hukumbuka hata kompyuta ikizimwa. RAM ni kama meza ya mwanafunzi, na diski ni kama kabati la vitabu. Kabla ya kusoma kitabu, sharti ukitoe kabatini ukiweke mezani.

Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wake inchi 24; hata hivyo iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski za leo zaingia mfukoni, lakini njia yake ya kazi ni ile ile. Sahani huzunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo huenda huku na huku juu yake kutafuta linalotakiwa. Hauna budi kufika mahali pake, kisha ungoje sahani izunguke. Kwa hiyo kutafuta kitu kimoja huchukua yapata sehemu 15 katika 1,000 za sekunde.

SSD haina sahani wala mkono. Ni vipande vya silikoni vihifadhivyo chaji za umeme, kama flashi tuzichukuazo mfukoni. Asili yake ni kazi ya Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani, katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kitu cha kungojewa kizunguke, kutafuta kitu kimoja huchukua yapata sehemu 1 katika 10,000 za sekunde.

Msomaji aweza kusema, "Tofauti hiyo ni ndogo mno, nani atakayeiona?" Haba na haba hujaza kibaba. Tuseme kompyuta ikiwashwa hutafuta vitu 10,000 vilivyotawanyika. Kwa diski ngumu ni sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu. Kwa SSD ni sekunde moja. Tena SSD haina kitu kinachotembea ndani yake, hivyo huvumilia mitikisiko ya safari kuliko diski ngumu.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. SSD haiharakishi intaneti, wala haiongezi nguvu ya prosesa. Kwa fedha zile zile hupati nafasi kubwa kama ya diski ngumu. Vile vile kila sehemu yake yaweza kuandikwa mara zenye kikomo, ingawa kwa kazi za mwanafunzi kikomo hicho kiko mbali. Jambo la kuogopwa zaidi ni kwamba yaweza kufa ghafula, na mambo yaliyopotea humo ni vigumu sana kuyarudisha. Basi, uwe na diski ya namna yo yote, weka nakala ya kazi zako mahali pengine.

Kwa maoni yangu, anunuaye kompyuta ya kuandikia, kusomea na kupigia hesabu achague SSD, hata ikiwa ni ya gigabaiti 256 tu. Nafasi hiyo yatosha programu na maandishi ya miaka mingi. Mwenye picha za sinema nyingi aweza baadaye kununua diski ngumu ya nje, aziweke humo. Diski ngumu bado ni kabati zuri la vitu visivyotumika kila siku.

Mwisho, mzazi aendapo dukani asiulize tu, "Ina gigabaiti ngapi?" Kompyuta yenye gigabaiti 1,000 za diski ngumu yaonekana kubwa kuliko yenye 256 za SSD, na wengi huvutwa na hesabu hiyo. Na aulize pia, "Ni diski ya namna gani?" Kisha aombe iwashwe mbele yake, aone inavyochukua muda, ndipo atoe fedha zake.