Bahasha Zilizovuka Bahari na Maziwa: Tusizichome Moto



Mzee akifariki katika kambi za mashamba yetu, baada ya matanga watu hugawana vitu vyake. Baiskeli hupata mwenyewe, koti hupata mwenyewe, redio hupata mwenyewe. Lakini sanduku la bati lenye karatasi halina anayeligombania. Vyeti vikishachambuliwa, barua kuukuu hupelekwa jikoni kuwashia moto, au hupewa watoto wakate stempu na kuzibandika daftarini.

Makala hii inaomba jambo moja: kabla ya kuwasha kiberiti, zitazame bahasha hizo. Baadhi yake zilisafiri kwa meli za moshi baharini na kwa stima za maziwa yetu. Katika nchi nyingi wako watu wanaozitafuta bahasha za namna hiyo, wakazisoma kama vile fundi anavyosoma mashine, na wakatoa fedha kuzinunua. Sisi ambao baba na babu zetu walizibeba mabegani tunazitupa kwa kuwa hatujui zinasema nini.

KUISOMA BAHASHA

Watu wengi hudhani mkusanyaji anataka stempu peke yake. Kwa barua za melini mambo ni tofauti. Kinachotafutwa ni bahasha nzima, yenye anwani, stempu na mihuri yake yote ya mbele na ya nyuma. Kila muhuri ni kituo cha safari. Ukiikata stempu, umeichana ramani na kubaki na kipande cha kona.

Zamani, kabla stempu hazijaanzishwa, nahodha wa merikebu ya biashara alichukua barua pamoja na mizigo na kuzikabidhi posta ya bandari aliyofika. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1799 ya kuanzisha ofisi maalumu ya barua za melini, na nahodha alilipwa peni 2 kwa kila barua. Barua hizo zilipigwa muhuri wa SHIP LETTER pamoja na jina la bandari. Marekani nako, mwaka 1823, sheria ilitamka kwamba maji yote yanayopitiwa na stima kwa ratiba kutoka bandari hadi bandari yahesabiwe kuwa njia za posta. Ndiyo maana barua za Mto Mississippi zina mihuri yenye neno STEAM au STEAMBOAT.

Baadaye nchi wanachama wa Umoja wa Posta Duniani zilikubaliana kwamba barua iliyoandikwa katikati ya bahari iweze kubandikwa stempu ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Meli ikitia nanga, posta ya bandari ile huipiga muhuri wake na kuongeza neno PAQUEBOT. Kwa hiyo ukikuta stempu ya Uingereza imepigwa muhuri wa Mombasa, usifikiri karani alikosea. Mwandishi wake alikuwa melini.

Mihuri mingine ilipigwa ndani ya meli yenyewe. Meli za Kifaransa zilizokuwa na karani wa posta zilitumia muhuri wenye pembe nane. Meli za Kijerumani zilizokuja Afrika Mashariki zilikuwa na muhuri wenye maneno DEUTSCHE SEEPOST. Kwa alama hizo tu, mjuzi hutambua njia iliyofuatwa na mara nyingine hata safari yenyewe.

BARUA ZILIVYOFIKA KWETU

Tuangalie sasa pwani na maziwa yetu. Kuanzia mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilikuwa na mkataba wa kuleta barua Zanzibar mara moja kwa mwezi, kutoka Aden. Mwaka 1875 ilifunguliwa posta Zanzibar chini ya serikali ya India, na ndiyo sababu bahasha za miaka hiyo zina stempu za India. Mwaka 1890 Wajerumani nao walianzisha kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki, ikisaidiwa kwa fedha za serikali yao ili ibebe barua.

Mahali palipokuwa pagumu ni bara. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti na kuletwa Mombasa ikiwa vipande vipande. Reli ilikuwa bado haijafika Ziwa Victoria, kwa hiyo vipande vile vilimalizia safari kwa mikokoteni na vichwani mwa wapagazi. Meli ikaunganishwa na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Baadaye zikafuata stima za Winifred, Sybil na Clement Hill.

Chukua basi bahasha iliyotoka Uingereza kwenda Entebbe mwaka 1905 au 1906. Ilipita Suez kwa meli, ikashushwa Mombasa, ikapanda gari moshi hadi Kisumu, kisha ikavuka ziwa kwa stima. Ukiigeuza nyuma huenda ukakuta tarehe mbili au tatu za vituo hivyo. Hesabu siku zilizopita kati ya muhuri wa kwanza na wa mwisho, nawe utajua mwendo wa kazi yote: kuli wa bandarini, fundi wa reli, mchochea moto aliyesukuma kuni katika tanuri la stima, hamali wa gatini, na tarishi aliyemalizia kwa miguu.

Lakini tafuta jina lao mahali popote kwenye bahasha ile. Halipo. Lipo jina la mwandishi, lipo la mpokeaji, ipo sura ya mfalme, na pengine lipo jina la meli. Walioifikisha hawakuandikwa.

MELI ISIPOFIKA

Kazi ya meli huonekana zaidi siku inaposhindwa kufika. Mwaka 1856 katika koloni la British Guiana, huko Amerika ya Kusini, stempu zilizotarajiwa kutoka Uingereza zilichelewa. Mkuu wa posta akawaagiza wapiga chapa wa gazeti mjini Georgetown wachape nyingine za muda. Walizichapa kwa wino mweusi, na katikati yake wakaweka picha ya merikebu. Kwa kuwa chapa yenyewe ilikuwa rahisi kuigwa, makarani wa posta waliamriwa waandike herufi za majina yao juu ya kila stempu ili kuzuia udanganyifu.

Leo inajulikana stempu moja tu ya senti 1 ya toleo hilo, yenye rangi ya zambarau nyekundu. Mwaka 1873 mvulana mwenye umri wa miaka 12 aliikuta katika karatasi za jamaa yake, akaiuza kwa shilingi chache. Mwaka 2014 iliuzwa kwa karibu dola milioni 9.5 za Kimarekani, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 8.3. Juu yake bado zinasomeka herufi E.D.W., za karani E. D. Wight. Stempu hiyo ndogo iliyopata kununuliwa kwa mamilioni imebeba alama ya mkono wa mfanyakazi, na imeibeba kwa sababu tu siku ile kulikuwa na amri ya kutia sahihi.

Hapa kwetu kuna kisa kinachofanana nacho. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia manowari za Waingereza zilifunga pwani ya koloni la Wajerumani, na stempu zikaadimika. Mwaka 1916 stempu za dharura zikachapwa kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, katika milima ya Usambara. Kabla hazijatumika, meli ya Marie ilipenya mwezi Machi na kuleta shehena kutoka Ujerumani. Stempu za Vuga zikawekwa kando, na baadaye zikafukiwa ardhini huko Morogoro zisichukuliwe na adui. Zilifukuliwa mwaka 1921, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji.

Sasa tujiulize: ni nani aliyechimba shimo lile, na ni nani aliyebeba sanduku? Wakusanyaji wanajua bei ya stempu hizo hadi senti ya mwisho. Majina ya waliochimba na kubeba hayakutiwa kwenye hesabu hiyo.

FEDHA NA BARUA CHINI YA BAHARI

Mwezi Februari 1941 meli ya Gairsoppa, iliyotoka Calcutta ikiwa na chai, chuma na fedha, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani kusini-magharibi ya Ireland. Makaa yalikuwa yamepungua, na meli ilikuwa imeuacha msafara wake ili ikimbilie bandari ya karibu. Mabaharia wake wengi walikuwa Wahindi, wachochea moto na wafanyakazi wa sitaha. Katika watu zaidi ya 80 waliokuwamo, aliyeokoka ni mmoja tu.

Katika miaka ya 2012 na 2013 kampuni moja ilizama kuitafuta ile fedha, karibu mita 4,700 chini ya maji. Pamoja na matofali ya fedha, wakakuta zaidi ya barua 700. Mifuko ya posta ilikuwa imelaliana na kugandamizwa chini ya uchafu, mahali pasipo mwanga wala hewa, na karatasi hazikuoza. Wataalamu walizikausha na kuzitenganisha taratibu, na mwaka 2018 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Posta jijini London. Watu walisoma salamu za familia zilizotengana kwa vita, zaidi ya miaka 70 baada ya kuandikwa.

Karatasi imestahimili miaka 70 chini ya bahari. Barua za mzee wako hazihitaji kustahimili hayo. Zinahitaji kuokolewa na jiko lako.

TUFANYE NINI

Kwanza, tusidanganyane. Bahasha nyingi kuukuu hazina bei kubwa, na mtu asiache kazi akitumaini utajiri wa sandukuni. Hata hivyo tofauti ndogo yaweza kubadili bei. Mfano ni stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, yenye picha ya jahazi katika Ziwa Victoria. Katika chapa moja kamba ya kushoto haigusi tanga, na katika nyingine inaligusa. Ile iliyogusa ndiyo adimu zaidi. Macho yasiyojua hupita bila kuona.

Kwa hiyo:

1. Usikate stempu, wala usiiloweke majini. Acha bahasha nzima na barua yake ndani.

2. Usiitie gundi wala utepe wa kunata. Usiandike juu yake kwa kalamu ya wino.

3. Iweke ndani ya bahasha safi ya karatasi, halafu kwenye boksi kavu, mbali na moshi, mchwa, mende na mvua. Mfuko wa nailoni huhifadhi unyevu na kuharibu karatasi.

4. Akija mnunuzi, usiuze siku ile ile. Uliza watu wawili watatu, na usimwachie mtu bahasha aende nayo "kuiangalia" bila hati yenye sahihi yake na mashahidi. Ukinunua wewe, fahamu kwamba mihuri ya bandia ipo.

5. Andika majina. Chukua karatasi nyingine, kwa penseli, uandike: nani aliandika barua hii, alikuwa akifanya kazi wapi, kwa mkataba gani, alisafiri kwa meli au stima ipi, nani alimpokea. Kama aliyeandika ni karani wa kambi kwa niaba ya manamba asiyejua kusoma, andika hivyo pia. Waulize wazee wakiwa hai. Mzee aliyefanya kazi gatini, reli au shambani anajua mambo ambayo hayamo kwenye muhuri wowote.

Sharti hili la tano lina uzito kuliko yote. Bei ya bahasha huwekwa na mnunuzi, naye anaweza kuipandisha au kuishusha apendavyo. Habari za waliofanya kazi tunazo sisi, na tusipoziandika sisi hakuna mkusanyaji wa London wala wa New York atakayeziandika kwa niaba yetu. Anachokiona yeye ni muhuri wa Kisumu na tarehe yake. Mtoto wa mchochea moto anajua kwamba siku ile baba yake alirudi nyumbani na mikono iliyobabuka.

Kila tawi la chama lina kabati la majalada. Si vibaya likiwa na jalada moja zaidi, la barua kuukuu na maelezo yake, likitunzwa na katibu na kuorodheshwa kwa jina la familia iliyolikabidhi. Barua ibaki mali ya familia, na tawi litoe stakabadhi. Siku yakitokea madai ya utumishi wa zamani, au watoto wetu wakitaka kuandika historia ya shamba au kiwanda chao, wapate pa kuanzia.

Mwezi huu, ndugu, fungua sanduku la bati lililo uvunguni. Anza na bahasha moja, igeuze nyuma, soma mihuri, kisha umwendee mzee umuulize.