WAFUMAJI WAGENI WA MJI WA NORWICH

Katika mwaka 1565 mji wa Norwich, ulio mashariki ya Uingereza, ulikuwa katika dhiki. Kazi yake kubwa ilikuwa kufuma nguo za sufu, lakini nguo hizo zilikuwa hazina wanunuzi wengi tena. Mafundi wengi walikaa bila kazi.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, katika nchi ziitwazo leo Uholanzi na Ubelgiji, Waprotestanti waliteswa kwa ajili ya dini yao na serikali ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Wengi walikimbilia Uingereza, na miongoni mwao walikuwamo wafumaji hodari.

Wakuu wa Norwich waliona kwamba shida hizi mbili zaweza kuponyana. Kwa msaada wa Duke wa Norfolk, wakapata hati kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza kuwakaribisha mafundi 30, kila mmoja na watu wake wasiozidi 10. Mafundi 24 walisema Kiholanzi, na 6 Kifaransa.

Lakini wenyeji wengi hawakuridhika. Baraza la raia lilikataa kutia muhuri wa mji katika mapatano hayo, hata Meya, Thomas Sotherton, ikambidi kutumia muhuri wa cheo chake.

Je, wageni hawa walileta nini? Walileta ufundi wa kufuma nguo nyepesi, zenye rangi za kupendeza, na pengine sufu ilichanganywa na hariri au kitani. Bei yake ilikuwa nafuu, na hata watu wa nchi zenye joto walizipenda. Kila nguo ilikaguliwa, na iliyo njema ikatiwa alama ya risasi, ili mnunuzi asidanganywe.

Idadi ya wageni iliongezeka upesi, na kufikia mwaka 1571 walikuwa karibu 4,000. Wenyeji walihofu kunyang'anywa kazi na nyumba. Katika mwaka 1570 watu kadha wa jimbo la Norfolk walifanya shauri la siri la kuwafukuza kwa nguvu. Siri ikafichuka, na kiongozi mmoja, John Throgmorton, akauawa kwa amri ya serikali.

Hata hivyo kazi iliendelea. Polepole wenyeji nao wakajifunza ufundi ule, na nguo za Norwich zikajulikana mbali. Watoto na wajukuu wa wageni wakawa Waingereza, ingawa ibada kwa Kiholanzi iliendelea mjini humo mpaka karne ya 20. Inasemekana pia kwamba wafumaji hao ndio walioleta ndege waitwao kanari, na hata leo timu ya mpira ya Norwich huitwa kwa jina la ndege hao.

Hofu ya wenyeji haikuwa ya ajabu, kwa maana mtu mwenye njaa huchelea kugawana chakula chake. Lakini mafundi hawa hawakuja mikono mitupu. Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.