Ukumbi Usio na Kundi: Historia ya Maonyesho ya Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo wa Kampala na Suala la Hifadhi ya Tamthilia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua historia ya maonyesho ya Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo wa Uganda, uliofunguliwa jijini Kampala mwaka 1959. Hoja kuu ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya uhai wake, Ukumbi huu umekuwa nyumba ya kupangisha na haukuwa makao ya kundi la kudumu la maigizo. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za maonyesho yake zimeondoka pamoja na makundi yaliyoupanga, na nyingine zimeondoka na wasanii waliouawa au waliokimbilia uhamishoni. Makala yanaonyesha kuwa tamthilia zilizochapishwa zimeweza kuvuka mipaka na hata kuingia katika Kiswahili, ilhali zile zilizobaki jukwaani zimo hatarini kusahaulika. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera.

Maneno muhimu: historia ya maonyesho, tamthilia, Kampala, hifadhi, sera ya utamaduni

1.0 Utangulizi

Aghalabu historia ya ukumbi wa maigizo huelezwa kama historia ya jengo: nani aliliagiza, nani alilifungua, linachukua watu wangapi. Habari hizo zina umuhimu wake, lakini hazitoshi. Historia ya maonyesho huuliza maswali mengine: ni mchezo gani ulioigizwa, uliigizwa na nani, kwa lugha gani, mbele ya hadhira ipi, na ulibaki wapi baada ya pazia kufungwa?

Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo (kuanzia hapa, Ukumbi) ulifunguliwa rasmi mwezi Desemba 1959, miaka mitatu kasoro kabla ya uhuru wa Uganda. Msimamizi wake ni Kituo cha Kitaifa cha Utamaduni cha Uganda, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka huohuo. Uko katika barabara ya Dewinton, si mbali na Bunge. Jengo lilipatikana, na msimamizi wa jengo akapatikana. Kundi la kudumu la maigizo, lenye mishahara, waandishi na ghala lake la miswada, halikupatikana pamoja nayo. Pengo hilo la mwanzo ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata.

2.0 Nani Aliyepewa Jukwaa: 1959–1966

Ukumbi usio na kundi lake huigiza kile ambacho wapangaji wake wanataka kuigiza. Katika miaka ya mwanzo, wapangaji wenye fedha, muda wa mazoezi na uzoefu wa jukwaa la aina ile walikuwa hasa wageni. Chama cha waigizaji wa ridhaa cha Kampala, ambacho wanachama wake wengi walikuwa Wazungu, kiliweka jukwaani michezo iliyopendwa London.

Hii haina maana kwamba Waafrika hawakuwa na maigizo yao. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha Chama cha Wasanii wa Kiafrika mwaka 1954, miaka mitano kabla Ukumbi haujafunguliwa, na michezo yake ya Kiluganda ilikuwa na wapenzi wengi. Katika Chuo cha Makerere, mashindano ya kila mwaka baina ya mabweni yaliwazoesha wanafunzi kuandika na kuigiza. Kwa hiyo watunzi walikuwepo, na hadhira ilikuwepo. Kilichokuwa kigumu ni kupata usiku katika kalenda ya Ukumbi.

Novemba 1962 wanafunzi wa Makerere waliupata usiku huo. Katika shamrashamra za uhuru waliigiza *The Black Hermit*, mchezo wa mwanafunzi mwenzao kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi. Mchezo unamhusu kijana msomi anayevutwa huku na huku na kabila, taifa, dini na mapenzi. Uzito wa tukio hilo haukuwa katika maudhui peke yake. Mchezo mrefu ulioandikwa na Mwafrika wa Mashariki ulikuwa umesimama juu ya jukwaa ambalo hadi hapo lilizoea michezo ya kuagizwa.

Hata hivyo, tatizo la kufikia hadhira pana halikwisha. Mwaka 1965 Makerere ilianzisha maigizo ya kusafiri, David Cook akiwa miongoni mwa viongozi wake. Wanafunzi walizunguka Uganda na Kenya wakiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Hatua hiyo inaweza kusomwa kama uhakiki wa vitendo dhidi ya Ukumbi: iwapo watu hawaji Dewinton, basi mchezo uwafuate walipo.

3.0 Kutoka kwa Okot p'Bitek hadi kwa Byron Kawadwa: 1966–1977

Mwaka 1966 Okot p'Bitek alishika uongozi wa Kituo cha Utamaduni. Chini yake, ngoma, nyimbo na masimulizi ya wenyeji vilipewa nafasi ambayo awali ilikuwa ya michezo ya kigeni. Uongozi wake ulikoma mwaka 1968 baada ya kutofautiana na serikali, akaishi Kenya kwa miaka mingi. Huo ulikuwa mfano wa mapema wa jambo litakalojirudia: msanii alipoondoka, mpango wake wa kazi uliondoka naye.

Wakati huohuo Robert Serumaga alikuwa akijenga aina mpya ya maigizo. Alianza na michezo ya maneno, kama *A Play* na *Majangwa*, kisha akauhamishia uzito kwenye mwili, sauti na mwendo. *Renga Moi* (1972) ilitegemea simulizi ya Kiacholi na kuchanganya lugha, nyimbo na ngoma. *Amarykiti* (1974) ilikwenda mbali zaidi, ikiyaacha mazungumzo karibu yote. Kundi lake, Abafumi, yaani wasimulizi, lilisafiri ng'ambo, na mwaka 1975 lilionyesha *Renga Moi* jijini London. Katika utawala ambamo neno moja lingeweza kumgharimu mtu maisha, mchezo usio na maneno mengi ulikuwa pia njia ya kusema bila kukamatwa na kauli. Serumaga alifariki Nairobi mwaka 1980.

Byron Kawadwa alichagua njia nyingine. Pamoja na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya, alitunga michezo ya Kiluganda yenye nyimbo nyingi iliyojaza kumbi. *Oluyimba lwa Wankoko*, yaani Wimbo wa Wankoko, ilitumia kisa cha unyakuzi wa kiti cha enzi, na wachambuzi wameihusisha na mgogoro wa Buganda wa mwaka 1966. Kawadwa aliteuliwa kuuongoza Ukumbi, na mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo huo ukaiwakilisha Uganda katika tamasha la sanaa za Waafrika, FESTAC, lililofanyika Lagos. Muda mfupi baada ya kurejea nyumbani, alikamatwa na watu wa usalama wa Idi Amin na kuuawa. Ukumbi ulipoteza mtunzi, mwongozaji na mkurugenzi kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa yote matatu yalikuwa yamekaa ndani ya mtu mmoja.

4.0 Jukwaa Baada ya Amin

Baada ya mwaka 1979 uhai wa maigizo ya Kampala ulibebwa zaidi na makundi ya kibiashara yaliyotumia Kiluganda, yakiwemo The Ebonies na Bakayimbira. Makundi haya yaliishi kwa tikiti. Mchezo uliopendwa ulirudiwa, ukahamishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na kubadilishwa kadiri hadhira ilivyouitikia. Ukumbi wa Kitaifa ukawa mmoja tu kati ya kumbi kadhaa.

Hata hivyo, heshima yake haikuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alex Mukulu alionyesha hapo *Thirty Years of Bananas*, mchezo uliopitia miaka thelathini ya uhuru kwa kejeli, muziki na uchungu. Tangu mwaka 2014 Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala limewaleta watunzi wa nchi jirani jijini humo. Katika miaka hiyohiyo ya 2010 yalizuka mapendekezo ya kuliendeleza eneo la Ukumbi kibiashara, na wasanii wakapinga kwa nguvu kubomolewa kwa jengo.

Upinzani huo ulikuwa wa haki. Lakini mjadala ulihusu kuta zaidi ya kile ambacho kuta hizo zilihifadhi, au zilishindwa kuhifadhi.

5.0 Kilichobaki na Kilichopotea

Tulinganishe kazi mbili. *The Black Hermit* ilichapishwa, na mwaka 1970 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la *Mtawa Mweusi*. Hivyo msomaji wa Bujumbura au Tanga anaweza leo kuusoma mchezo ambao Kampala iliuona mwaka 1962. *Renga Moi*, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa kazi kubwa kabisa za jukwaa la Uganda, haikuchapishwa. Wala *Amarykiti* haikuchapishwa. Tunazijua kwa maelezo ya waliozitazama na waliozicheza. Ubora wa kazi haukuamua ipi ibaki. Aliyeamua ni mchapishaji.

Kwa nchi jirani, mfano wa Nairobi unathibitisha jambo hilo. Mwaka 1976 *The Trial of Dedan Kimathi*, ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ilipata siku chache tu katika Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya, huku maonyesho ya kigeni yakipewa nafasi nono. Mchezo ulibanwa jukwaani, lakini ulikuwa na maandishi. Mwaka 1978 ukatoka kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*, ukaendelea kusomwa.

Kwa michezo ya Kiluganda ya miaka ya 1980 na 1990 hali ni ngumu zaidi. Mingi ilijengwa katika mazoezi, mazungumzo yakibuniwa na waigizaji wenyewe, na makundi yalikuwa na sababu ya kutoyaandika: muswada ulioandikwa huibwa na washindani. Kilicholinda riziki ya msanii jana ndicho kinachomnyima mtafiti ushahidi leo.

Hapa ndipo suala linapokigusa Kiswahili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini lugha haipendwi kwa kifungu cha sheria. Jijini Kampala Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu kumbukumbu ya kambi na bunduki, na amri ya Amin ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa haikukisafisha. Tafsiri ya tamthilia ambazo Waganda wenyewe wanazienzi ingekuwa njia mojawapo ya kukisikia Kiswahili katika kinywa kingine. Njia hiyo hujifunga yenyewe pale ambapo hakuna matini ya kutafsiri.

6.0 Mapendekezo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kutokana na ufafanuzi uliotangulia, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, iundwe orodha ya maonyesho ya Ukumbi tangu 1959, ikikusanya tarehe, jina la mchezo, kundi, lugha na mwongozaji kutoka katika magazeti, mabango na vijitabu vya maonyesho.

Pili, mkataba wa kupanga ukumbi wowote wa umma uambatane na sharti la kuweka nakala ya muswada au rekodi ya onyesho katika hifadhi. Nakala hiyo ilindwe na masharti ya hakimiliki kwa miaka itakayokubaliwa, ili makundi yasiogope wizi.

Tatu, mahojiano na waigizaji, wapiga muziki na mafundi wa jukwaa wa miaka ya 1960 hadi 1980 yapewe kipaumbele cha bajeti, kwani ushahidi huu una umri wa binadamu.

Nne, taasisi za Kiswahili za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziweke mpango wa kutafsiri tamthilia za lugha jirani, zikianza na zile zilizokwisha kuandikwa.

7.0 Hitimisho

Historia ya Ukumbi wa Kampala inaonyesha kuwa taifa laweza kumiliki jukwaa kwa miongo kadhaa bila kumiliki kumbukumbu ya kilichochezwa juu yake. Wasanii wake walifanya kazi yao, na mmoja wao aliilipia kwa roho yake. Kilichokosekana ni utaratibu wa kupokea kazi hizo na kuzitunza. Utaratibu huo hauhitaji jengo jipya. Wahitaji kabati, mtunza kumbukumbu mwenye ajira ya kudumu, na kifungu kimoja katika mkataba wa kupanga. Kila mwaka unaopita bila hivyo, sehemu nyingine ya historia hii inahama kutoka kwenye yale tunayoweza kuyachunguza na kuingia katika yale tuliyowahi kuyasikia.