Kabla Hujachimba Shimo la Mgomba, Uliza Bomba Limepita Wapi

Mvua za kwanza zikikaribia huku Kasulu, kila mtu anakimbilia plau na mashimo ya migomba. Kipindi hicho hicho ndio mabomba ya maji ya vijiji yanakatwa, halafu tunalaumu pampu.

Hesabu yake ni nyepesi. Bomba la kijiji kwa kawaida linalazwa kina cha sentimita 60 hadi mita moja. Plau ya trekta ikiingia sana ni sentimita 30, kwa hiyo mara nyingi inapita juu bila kuligusa. Balaa ni shimo la mgomba: sentimita 60 hadi 90 kwenda chini, na ndivyo tunavyofundisha sisi maafisa ugani. La parachichi halipishani sana na hilo. Yaani kijana anayefuata ushauri barabara kabisa ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutoboa bomba! Tena kwenye miteremko yetu mvua inaondoa udongo wa juu kila mwaka. Bomba lililozikwa sentimita 60 unaweza kulikuta siku hizi kwenye 30, na penye korongo liko wazi kabisa, jua linalipiga. Hapo hata plau inalibeba.

Sasa utajuaje limepita wapi? Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na miradi ya kijiji inaendeshwa na vyombo vya watumia maji, hivi tunavyoviita CBWSO. Anza na fundi wao. Kama fundi ni mgeni, watafute wazee waliochimba ule mtaro kwa nguvu za wananchi. Hao wanakumbuka kila mwamba uliowasumbua, na ndio maana ni muhimu: bomba haliendi mstari ulionyooka kutoka chemba hadi chemba, linazunguka mwamba, linakwepa mti ambao leo haupo. Mkishapata njia kwa makadirio, chimba vishimo vichache kwa jembe la mkono, taratibu, kukatiza ule mstari mpaka ulione bomba lenyewe. Weka mawe makubwa juu yake. Kisha acha mita mbili mbili kila upande bila shimo la mti. Maharage panda, majani ya mifugo panda, lakini mikaratusi hapana, isogeze mbali kabisa.

Ukilikata usijifiche. Kuharibu miundombinu ya maji ni kosa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, lakini hilo la sheria silo linalonitia hofu zaidi. Kuna ile tabia ya kulifunga bomba kwa mpira wa baiskeli, kufukia na kuondoka. Maji yakiwepo, yanavuja kwenda nje. Yakifungwa, na vijijini kwetu yanafungwa kila siku, bomba linabaki tupu na linavuta kurudi ndani chochote kilicholizunguka pale kwenye mpira: matope, samadi, dawa ya nyanya uliyomwaga jana, maji ya choo. Asubuhi koki ikifunguliwa, kikombe cha kwanza kinabeba hayo.

Na vyoo hapa si vichache. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na 2015 ilipokea Warundi wengi juu ya Wakongo waliokuwepo. Choo cha shimo kikijaa kinafukiwa, kinachimbwa kingine pembeni. Hata vijiji vya jirani kama Makere tunafanya hivyo hivyo, na baada ya miaka michache hakuna anayejua kilikuwa wapi. Mwaka huo huo wa 2015, kipindupindu kilipiga Kagunga, kule ziwani, kikaua watu zaidi ya 30. Chanzo chake kilikuwa msongamano na maji machafu, sio bomba lililokatwa na mkulima, lakini njia ya ugonjwa ni ile ile, kinyesi kuingia kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo ukikodi shamba palipowahi kuwa na nyumba, uliza vyoo vya zamani pia. Tairi la trekta likizama humo utapoteza siku nzima, hiyo ndogo. Usifukue shimo la choo kwa ajili ya mbolea kabla ya miaka miwili, na kisima chako cha kumwagilia kiwe angalau mita 30 kutoka chooni.

Tugeukie mabomba unayozika mwenyewe, maana naona wengi mnaanza kumwagilia nyanya za kiangazi. Duka litakuuzia bomba jeusi la poli kwa bei nafuu, wewe soma maandishi ya pembeni. PN6 linavumilia bar 6. Kila mita 10 za kushuka kutoka kwenye tanki zinaongeza bar 1, kwa hiyo tanki likiwa kilimani mita 80 juu ya shamba, chini kuna bar 8. Mchana koki zikiwa wazi hutaona tatizo. Usiku zote zimefungwa, presha inapanda hadi mwisho, bomba linapasuka chini ya ardhi umelala. Nunua PN10 kwa sehemu ya chini, au weka tanki dogo katikati ya mteremko likate presha.

Na usifukie mtaro siku ile ile! Jaza maji, funga koki zote, acha usiku kucha, asubuhi pita kiungio kimoja kimoja. Fundi atakuharakisha kwa sababu anataka hela yake. Mlipe nusu.

Kwa bomba lililofukiwa tayari, jioni funga koki zote na tanki lisiwe linaingiza maji. Weka alama ya kina chake, angalia alfajiri. Kikishuka, kuna mahali panavuja. Nusu lita kwa dakika unaona ni kidogo? Ni lita 720 kwa siku, ndoo 36. Mwezi wa nane tembea juu ya mstari wa bomba. Nyasi zikiwa kijani mahali pamoja wakati kwingine kote pamekauka, chimba hapo.

Kabla ya kufukia chochote, piga picha mtaro ukiwa wazi, kitu kisichohama kionekane nyuma, kona ya nyumba au mwembe. Pima hatua kutoka hapo, andika kwenye daftari, na nakala moja ipeleke ofisi ya kijiji. Simu zinapotea, na shamba la kukodi mwakani litakuwa la mtu mwingine.