Tumbo gumu halipatikani kwa kupigwa

Ikifika saa kumi na moja jioni katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, baadhi ya kumbi za jamii huanza kutoa sauti ambayo mgeni hawezi kuitambua upesi. Si muziki wala si mahubiri. Ni "hss! hss!" ya vijana wanaotoa pumzi kwa meno, na baada ya kila pumzi husikika mshindo kama wa gunia la mahindi linalobwagwa kutoka kwenye mkokoteni. Hao ni wanandondi, na kinachobwagwa ni mpira mzito ulioshindiliwa vitambaa na mchanga. Unabwagwa juu ya matumbo yao wenyewe, nao wamelala chali sakafuni.

Mashabiki wengi wa ndondi hutazama ngumi. Mimi nimekaa kando ya ulingo katika mitaa hii kwa miaka mingi, na nimezoea kutazama tumbo. Bondia aliyechoka aweza kuilazimisha mikono yake ikae juu kwa dakika moja zaidi, lakini tumbo lililochoka halifichiki. Hulegea, viwiko vikashuka ili kulikinga, na papo hapo kidevu kikabaki wazi.

Vijana hawa hawajisumbui bure. Mwaka 1968 Philip Waruinge alirudi kutoka Mexico na medali ya shaba pamoja na Kombe la Val Barker, ambalo alipewa kwa kuwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki hiyo. Mwaka 1972 akapata fedha mjini Munich. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika hapa hapa Nairobi, tima yetu iliyoitwa "Hit Squad" ilizoa medali nane za dhahabu. Mwaka uliofuata Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali mjini Seoul. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata nje ya riadha. Ukiingia katika ukumbi wowote wa Eastlands wenye ulingo, jina la Wangila utalisikia kabla hujaketi.

Basi mazoezi yenyewe ni makali. Alfajiri watu hukimbia kando ya Barabara ya Jogoo kabla matatu hazijajaa. Jioni ni kuruka kamba, kupiga gunia, na kuinua vyuma ambavyo havikutoka dukani: bomba lililochomekwa katika mikebe miwili ya mafuta ya kupikia iliyojazwa saruji. Kisha huja zamu ya tumbo. Kuna zile wanazoziita sitapu, mamia kwa mamia. Kuna kuinua miguu yote miwili pamoja na kuishikilia hewani mpaka mapaja yatetemeke. Kuna kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko huku mwalimu akihesabu polepole makusudi. Mwisho ndipo huja ule mpira mzito.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Lakini katika vikundi vingine, hasa vile visivyo na mwalimu wa kweli, nimeona jambo jingine. Wanaoanza hupangwa mstari, mikono nyuma, na wakubwa wao hupita wakiwatandika ngumi za tumbo mmoja mmoja. Nimeona pia kijana akilazwa chini na mwenzake mwenye viatu akisimama juu ya kitovu chake. Ukiuliza, unaambiwa wanamkomaza. Anayelia huchekwa, na anayenyamaza hupigiwa makofi.

Nilimwuliza mwalimu mmoja mzee, ambaye mwenyewe alipigana ujanani, kama tumbo hukomaa hivyo. Alinijibu kwa kunishika mkono na kuuweka juu ya tumbo lake. Lilikuwa laini kama la mtu yeyote wa umri wake. Kisha akatoa pumzi kwa nguvu, "hss!", na nikahisi kitu kama ukuta. "Umeona, bwana mwandishi?" akasema. "Ukuta haukai hapo siku zote. Unaujenga ngumi inapokuja, na ukichelewa, umeumia."

Maneno yake yanapatana kabisa na elimu ya mwili. Misuli ya tumbo ni kama mikanda: mmoja umeshuka wima kutoka mbavuni hadi kwenye nyonga, na huo ndio unaotokeza yale matuta ambayo vijana huyaita sikspaki, mingine imekwenda mshazari ubavuni, na mmoja wa ndani kabisa umezunguka kiuno kama mshipi. Ikifanyishwa kazi hunenepa na kuwa na nguvu. Lakini hakuna mkanda hata mmoja unaogeuka ngozi ya kifaru kwa sababu umepigwa. Ngumi hujeruhi nyuzi za misuli, nazo hutaka siku kadhaa kupona. Kinachoongezeka kwa aliyezoea mpira mzito ni wepesi wa kukaza tumbo kwa wakati wake, na kutoshtuka.

Tena kuna mahali ambapo misuli haina la kufanya. Ukipigwa chembe cha moyo, mtandao wa mishipa ya fahamu uliopo hapo hushtuka, kiwambo cha pumzi hukakamaa, na kwa sekunde kadhaa mtu hukosa hewa kabisa. Upande wa kulia, chini ya mbavu, lipo ini, ambalo kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Aliyepigwa hapo mara nyingi hubaki amesimama kwa sekunde moja hivi, uso umepigwa na butwaa, ndipo miguu inapomtoka. Watazamaji wasiojua hudhani anaigiza.

Ulimwengu una kisa chake maarufu. Harry Houdini, mwanamazingaombwe wa Marekani, alikuwa akijisifia tumbo lake. Mwezi wa Oktoba 1926, mjini Montreal, mwanafunzi mmoja alimtandika ngumi kadhaa za tumbo kabla hajajiweka tayari. Tarehe 31 ya mwezi huo huo alifariki dunia katika hospitali ya Detroit, kidole tumbo chake kikiwa kimepasuka. Waganga wamebishana tangu hapo kama ngumi zile ndizo zilizomuua au ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Hata hivyo, mtu huyo alikuwa na misuli ambayo vijana wetu wengi wangeitamani.

Kwa hiyo kijana aliyepigwa tumboni asiharakishe kurudi mstarini ili asichekwe. Maumivu yasiyokoma, tumbo kukaza lenyewe, kizunguzungu, au maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto ni dalili kwamba huenda kitu kinavuja damu ndani, pengine bandama. Huyo ni wa hospitali usiku huo huo, si kesho. Na yapo madhara yasiyohitaji hata ngumi. Mtu ambaye hajazoea akipiga sitapu mia tano kwa siku moja ili awafikie wenzake, misuli yake yaweza kuvunjika na kumwaga uchafu katika damu. Mkojo huja na rangi ya strungi, na figo zaweza kufa. Huyo naye ni wa hospitali, na anywe maji akiwa njiani.

Walimu wazuri wapo, na mpango wao hauna siri. Anayeanza hukaa majuma kadhaa bila kuguswa tumboni. Hufundishwa pumzi kwanza. Kisha hupewa mpira mwepesi, kutoka karibu, halafu mzito kidogo. Ngumi za kweli huja baadaye, zikiwa na glavu, na anayepigwa huwa ameziona zikija. Wasichana hupitia njia ile ile. Wapo wengi siku hizi, hasa tangu Elizabeth Andiego alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana ndondi katika Olimpiki, mjini London mwaka 2012, na Fatuma Zarika aliponyakua taji la dunia la WBC mwaka 2016. Akina mama wa mitaani huniuliza kama binti zao wataharibika uzazi. Kwa msichana asiye mjamzito, kizazi kimejificha chini, katikati ya mifupa ya nyonga, mbali na mahali ngumi halali zinapotua. Mwenye mimba haruhusiwi ulingoni kabisa.

Lililonikera zaidi katika ziara zangu halikuwa ngumi. Ni kwamba wengi wa watoto hawa hufika ukumbini wakiwa wamekula mara moja tu, pengine chai kavu na andazi la asubuhi. Misuli haijengwi kwa upepo. Mtu akiitumikisha bila kuilisha, mwili huanza kuila, na yale matuta ya tumbo anayoyaonea fahari kwenye kioo huwa wakati mwingine ni njaa tu. Nilimwambia yule mwalimu mzee hivyo, akacheka kidogo na kunionyesha sufuria kubwa nyuma ya mlango. Mabondia wa zamani, makondakta na wauza nguo wa Gikomba huchangia mahindi na maharagwe, na mama mmoja jirani hupika githeri. Wakati ule michango ilitosha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hizo ndizo za mpira mzito. Jumanne na Alhamisi aliwafundisha hatua za miguu, akawaruhusu mapema waende nyumbani.