Injini ya Toyota ndani ya Land Rover 109: kasoro hukaa kwenye maungio

Pikapu ya Land Rover 109 iliyotengenezwa miaka ya 1970, ambayo hadi leo inashuka Lushoto na shehena ya kabichi, aghalabu haina tena injini iliyokuja nayo. Ile ya petroli ya cc 2286 iling'olewa kwa sababu ya unywaji wake wa mafuta, ikafungwa dizeli ya Toyota: 2L ya cc 2446 au 3L ya cc 2779, ambazo vipuri vyake havisumbui kupatikana. Baadaye zikaja tairi kubwa zaidi, springi zikanyanyuliwa, na kila fundi akaongeza waya za rangi aliyokuwa nayo mkononi. Magari haya yana wapenzi wa kweli, na tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 lilidhihirisha hilo. Nami ni mmoja wao. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anabadilisha pampu, nozeli na rejeta mfululizo, pesa zinakwisha, na gari linabaki na ugonjwa uleule.

Tatizo ni mahali tunapoanzia kutafuta. Injini ya Toyota ilipimwa na Toyota, na difu ya Land Rover ilipimwa na Land Rover. Hakuna kiwanda kilichowahi kuvipima vikiwa pamoja. Kazi hiyo ilifanywa na fundi mmoja, gereji moja, kwa vifaa alivyokuwa navyo. Kwa hiyo swali la kwanza si "nini kimeharibika?" bali "nini kilibadilishwa, na kimeungwaje na kile kilichoachwa?" Chukua daftari, uandike kila badiliko unaloliona kabla ya kununua hata nati.

Anza chini ya gari, injini ikiwa imezimwa, na nyundo ndogo mkononi. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Chasisi ni ya chuma cha boksi, na kutu yake huanzia ndani ambako rangi haifiki. Gonga hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Kilicholika hutoa sauti iliyofifia, na nyundo huacha bonde. Kagua zaidi boriti ya mwisho kule nyuma, mikono inayobeba bodi, na pale springi zinaposhikiliwa. Gari lililoishi Tanga au Mombasa litazame pia mahali aluminiamu inapogusana na chuma, kwa sababu chumvi na unyevu huigeuza aluminiamu kuwa unga mweupe. Kisha tafuta mauntini mpya za injini zilipochomelewa. Nyufa huanzia kando ya mshono, mara nyingi chini ya grisi na vumbi; ni lazima uoshe ndipo uone. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakibebi kitu. Kikatwe mpaka kwenye chuma kizima.

Sasa breki, na hapa ningependa tukae kidogo, maana watu hupoteza maisha kwa jambo ambalo fundi angelirekebisha kwa asubuhi moja. Injini ya petroli ina kipepeo kwenye kabureta kinachobana hewa, na kule kubana ndiko kunakozalisha vakyumu ya kuvuta basta ya breki. Dizeli haibani hewa namna hiyo. Toyota walilitatua kwa kuweka pampu ndogo ya vakyumu nyuma ya alternata, inayolainishwa na oili ya injini kupitia paipu moja ya kuingiza na nyingine ya kurudisha. Fundi anayefunga 3L akitumia alternata ya kawaida isiyo na pampu, basta inabaki pambo. Gari litasimama barabara ya tambarare likiwa tupu, kwa mguu wenye nguvu. Likishuka mlima na tani moja ya mzigo ni habari nyingine kabisa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Bila kuondoa mguu, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, basta inapata vakyumu. Ikibaki palepale, fuatilia paipu kuanzia basta hadi kwenye pampu. Kama pampu ipo na haivuti, tazama paipu ya oili: isipoletewa oili, visu vyake vya ndani huungua, na paipu ya kurudisha ikijikunja, oili hukosa njia na kutafuta pa kutokea, hata kwenye basta yenyewe. Baada ya hapo ndipo uangalie ngoma, viatu vya breki na silinda za magurudumu. Pedali inayozama polepole ukiwa umeishikilia ni dalili ya master silinda kuvuja kwa ndani au paipu kuvuja mahali fulani, na vakyumu haihusiki hapo.

Kuhusu joto, nina ugomvi wa muda mrefu na desturi ya kung'oa thamostati. Gari likichemsha, jambo la kwanza gereji nyingi hufanya ni kuitupa. Lakini thamostati nyingi zina bamba la pili kwa chini, ambalo injini ikipata moto huziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa, na gari linachemsha zaidi likiwa na mzigo. Irudishe. Halafu tazama umbali wa feni. Injini ya Toyota ikikaa nyuma zaidi ya ile ya awali, feni huachana na rejeta na kuzungusha hewa ileile ya moto. Kutengeneza bati la kuizunguka feni, linaloilazimisha ivute hewa kupitia rejeta nzima, kuna faida kuliko kununua rejeta kubwa.

Umeme upime kwa mita, usibahatishe. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi haufai, hata kama unaonekana mnene. Injini ikiunguruma, betri ya volti 12 isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Baadhi ya dizeli za Kijapani zilikuja na mfumo wa volti 24, na nusu ya vifaa vyake ikichanganywa na volti 12 utaunguza plagi za kupashia moto kila mwezi bila kujua sababu.

Wengi hulalamika kwamba gari linapiga kelele na haliendi. Hesabu inaeleza. Difu ya 109 ni 4.7 kwa 1, na kwa tairi za 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huifanya injini izunguke karibu mara 2,900 kwa dakika. Wapo wanaoweka difu za 3.54 za Range Rover ili kuipumzisha. Ni sawa, ila mbele na nyuma zilingane. Zikitofautiana, ukiingiza gia ya magurudumu manne kwenye lami, shafti hupigana mpaka kitu kivunjike. Kujua ulichonacho: weka gia huru, ondoa gia ya magurudumu manne, nyanyua gurudumu moja tu la ekseli husika na kuzuia mengine, lizungushe mara mbili kamili, na uhesabu mizunguko ya propela. Mitano kasorobo ni 4.7; mitatu na nusu ni 3.54. Rudia ekseli ya pili.

Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani tu, ukaisha ukiuvuka, mara nyingi ni wa propela iliyokatwa bila kubalansiwa, au giaboksi iliyoinamishwa kiasi kwamba pembe za joint mbili hazilingani tena. Klachi inayotetemeka wakati wa kuondoka, pamoja na gia inayoruka, hunipeleka kwenye bamba lililounganisha injini na giaboksi. Likikaa pembeni hata kidogo, hutafuna beringi na sili, na kubadilisha diski ya klachi hakutasaidia.

Usukani unaotangatanga baada ya kunyanyua springi unahitaji pembe ya ekseli ya mbele irudishwe kwenye nyuzi 3 za kiwandani.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizomo kwenye kadi ya gari. Injini ambayo haikuandikishwa itakusumbua siku ya kuuza. Bajeti ikiwa ndogo, itumie kwa mpangilio huu: chasisi na breki, usukani, ethi na waya, mfumo wa kupoza, na nguvu ya injini mwisho kabisa. Ukimaliza, endesha kilomita 500 bila mzigo, kisha rudi chini ya gari na spana ukaze upya boliti za springi, za mauntini na za propela.