Hitilafu za kiyoyozi

Hitilafu za kiyoyozi ni matatizo yanayokifanya kiyoyozi cha nyumbani kisiwake, kisipoze chumba, kivujishe maji au kitumie umeme kupita kiasi. Nyingi hutokana na uchafu, maji kukosa njia au umeme usiotulia. Upungufu wa gesi, ambao mara nyingi hushukiwa kwanza, ni mojawapo tu ya sababu.

Jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Ndani ya mabomba yake ya shaba huzunguka gesi maalumu, kwa mfano R-410A au R-32. Katika sehemu ya ndani ya chumba gesi hiyo, ikiwa kiowevu, hugeuka mvuke na kufyonza joto la hewa inayopulizwa na feni. Kompresa iliyo katika sehemu ya nje huigandamiza, kisha feni ya nje huliondoa joto na gesi hurudi kuwa kiowevu. Unyevu wa hewa ya chumba hugeuka matone kwenye mapezi baridi, hukusanyika katika trei na kutoka kwa bomba dogo.

Viyoyozi vingi vya kisasa huweza kugeuza mzunguko huo ili kupasha chumba joto. Wakati huo sehemu ya nje ndiyo inayopoa, na katika nchi za baridi kupata jalidi kidogo si hitilafu.

Hitilafu za kawaida

Kutowaka: Sababu rahisi ni betri za rimoti kuisha au swichi ya umeme kujizima. Baada ya umeme kukatika na kurudi, kompresa nyingi husubiri takriban dakika 3 kabla ya kuanza, ili shinikizo la gesi lisawazike. Swichi inayojizima tena na tena huonyesha hitilafu ya umeme inayohitaji fundi.

Kutopoza vizuri: Mara nyingi chujio la sehemu ya ndani limejaa vumbi, au mapezi ya sehemu ya nje yamezibwa. Chujio huoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini kabla ya kurudishwa. Chumba kikubwa kuliko uwezo wa kiyoyozi hakitapoa hata kama mashine ni nzima.

Barafu: Hewa isipopita vizuri, au gesi ikipungua, mapezi ya ndani huganda. Upozaji huzimwa na feni kuachwa ikizunguka mpaka barafu iyeyuke. Haifai kuibandua kwa kisu, kwani mapezi na mabomba hutoboka kwa urahisi.

Maji kudondoka chumbani: Kwa kawaida bomba la maji limezibwa na ukungu au wadudu, au mashine imefungwa ikiinama upande usiofaa.

Harufu mbaya: Husababishwa na ukungu unaoota kwenye mapezi na trei yenye maji.

Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, chumvi iliyo katika upepo wa bahari hula mapezi na mabomba ya sehemu ya nje.

Suala la gesi

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inapovuja, na doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba huweza kuonyesha mahali hapo. Kuongeza gesi bila kuziba uvujaji huondoa tatizo kwa muda tu, na mwenye nyumba hulipa tena. Gesi inayopotea pia hudhuru mazingira: R-22 ya zamani huharibu tabaka la ozoni, na R-410A huongeza joto la dunia mara zaidi ya 2,000 kuliko uzito uleule wa dioksidi kabonia. Nchi nyingi zilikubaliana kupunguza gesi za kundi la R-410A katika mkutano wa Kigali, Rwanda, mwaka 2016.

Usalama

Umeme huzimwa kwenye swichi kuu kabla ya kusafisha. Kapasita ya sehemu ya nje huweza kubaki na chaji hata umeme ukizimwa, hivyo haiguswi na asiye fundi. R-32 huweza kushika moto. Mashine iliyoundwa kwa R-22 haijazwi R-410A, kwa sababu shinikizo lake ni kubwa zaidi.